Umeme Ukirudi Newala, Kompyuta Ianze na Kazi Gani?

Korosho za Newala, Tandahimba na Masasi zinapoanza kuingia ghalani mwezi Oktoba, msimu mzima siku hizi hupitia kwenye kompyuta. Stakabadhi ghalani ilipoanza kutumika kwa zao hili msimu wa 2007/08, kilichosafiri kilikuwa karatasi. Mkulima alipimiwa mzigo wake kwenye chama cha msingi, magunia yakapelekwa ghala kuu, na wanunuzi wakatumbukiza zabuni zao kwenye sanduku. Tangu msimu wa 2024/25 minada ya chama kikuu cha ushirika cha TANECU, kinachohudumia Tandahimba na Newala, na ile ya MAMCU ya Masasi na Mtwara imehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Vyama vya msingi, ambavyo huku kila mtu anaviita AMCOS, vina MUVU, mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Hospitali za serikali zina mfumo wao, GoT-HoMIS. Ukiondoa simu, yote hayo yanaanzia mahali pamoja: karani anabonyeza kitufe, kisha anamgeukia aliye mbele ya foleni na kumwambia, "Subiri kidogo mzee wangu, mashine inawaka."

Subira hiyo isingekuwa na uzito kama kompyuta ingewashwa mara moja asubuhi na kuzimwa jioni. Lakini kwa miaka mingi mikoa ya Lindi na Mtwara iliishi kwa mashine za gesi ya Mnazi Bay zilizoko Mtwara, ikiwa nje ya gridi ya taifa, na mashine hizo zikiyumba hapakuwa na mahali pa kuazima umeme. Wenye steshenari wa Newala wanaijua hali hiyo kuliko mhandisi yeyote: umeme unakatika, unarudi, unakatika tena kabla nakala ya cheti haijatoka. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, yaani betri ya akiba, huanza upya kila mara, tangu sifuri. Nyingi ya kompyuta hizo ni za mtumba, zimeshamaliza kazi ofisini Ulaya au Dubai kabla ya kupanda mlima kuja huku. Kwa mtumiaji wa namna hii, muda wa kuwaka ni sehemu ya saa za kazi, na swali la nini kinaifanya mashine ichelewe lina haki ya kujibiwa kwa hesabu badala ya kubahatisha.

Mtuhumiwa mmoja anayetajwa sana na wahandisi wa mifumo endeshi ni kumbukumbu, yaani RAM. Kila kompyuta inapowaka hufanya kazi kubwa ya kuitayarisha kabla ya kuitumia, na sehemu ya kazi hiyo haina ulazima wa kufanywa wakati huo, au haina ulazima wa kufanywa kabisa. Kwa zaidi ya miaka 40 watu wamekuwa wakiitafuta sehemu hiyo ili waiondoe. Maoni yangu, baada ya kuyaangalia majibu yao kwa jicho la mtu anayeishi na umeme wa kukatika, ni kwamba yako ya aina mbili zinazochanganywa bila sababu. Yako yanayookoa muda kwa kukumbuka kilichofanyika jana. Na yako yanayookoa muda kwa kuahirisha cha leo mpaka kihitajike. Mashine ikizimwa kwa adabu, aina zote mbili zinafaa. Umeme ukikatika ghafla, karibu kila kitu kilichotegemea kukumbuka hupotea, na kinachobaki kuwa msaada ni kuahirisha.

Tuanze na hali ya RAM yenyewe. Chembe za kumbukumbu hizi hushika chaji kidogo sana ya umeme inayovuja muda wote, kwa hiyo ni lazima zihuishwe mara nyingi kwa sekunde. Zikikosa umeme, zinasahau. Umeme ukirudi, ndani yake mna takataka: sifuri na moja zisizo na maana yoyote. Prosesa haiwezi kuzitegemea, na katika aina fulani za mashine haiwezi hata kuzisoma bila kuzua hitilafu.

IBM ilipotoa PC yake ya kwanza mwaka 1981, iliamua kutoiamini RAM kabisa. Programu iliyochomwa kwenye chipu ya mashine, ambayo mafundi wetu wanaiita bayosi, iliandika na kusoma kila sehemu ya kumbukumbu kuhakikisha hakuna chembe mbovu. Mashine ikiwa na kumbukumbu nyingi kwa kipimo cha siku zile, mtumiaji alikaa akitazama. Walioiandika bayosi hiyo waliweka mlango wa pembeni. Mtu akibonyeza Ctrl, Alt na Del kwa pamoja, namba 1234 ya mfumo wa kumi na sita iliandikwa mahali maalumu ndani ya RAM, kisha mashine ikaanza upya. Bayosi ilipoamka ilichungulia pale. Ikiikuta namba hiyo, ilijua umeme haukukatika, kumbukumbu ilishapimwa, hivyo ikaruka kipimo kizima. Ni ujanja mzuri, na ni aina ya kwanza kabisa: kukumbuka. Umeme ukikatika, namba inafutika pamoja na vingine vyote, na kipimo kinarudi tangu mwanzo.

Kompyuta za leo hazipimi RAM yote kwa namna ile. Ukiingia kwenye mipangilio ya bayosi utakuta chaguo la kuwaka haraka, na mara nyingi limeshawekwa. Mahali pa kipimo pamechukuliwa na kazi nyingine ambayo mtumiaji haioni: kulinganisha mwendo. Kadi za RAM za aina ya DDR3, DDR4 na DDR5 zinapokea na kutoa data kwa kasi kubwa kiasi kwamba urefu wa njia za shaba kwenye ubao, joto na tofauti ndogo kati ya chipu na chipu vinaweza kuharibu usomaji. Kwa hiyo mashine inapowaka hujaribu nafasi mbalimbali za muda na nguvu za umeme mpaka ipate zinazokubaliana, na hapo tu ndipo RAM inatumika. Kwa kadi ndogo za DDR3 hii ni kazi fupi. Kwa DDR5 inaweza kuwa ndefu mno. Wanunuzi wa kwanza wa mashine za AMD za mwaka 2022 walishangaa kuona kioo cheusi kwa dakika kadhaa mara ya kwanza kuwasha, wakadhani wamenunua kitu kibovu.

Hapa watengenezaji wametumia kukumbuka, lakini kwa busara kuliko mwaka 1981. Matokeo ya ulinganisho huandikwa kwenye chipu isiyosahau umeme ukikatika, na safari inayofuata bayosi huyasoma na kuendelea. Ndiyo kumbukumbu pekee ya jana inayovumilia umeme wa huku. Ina udhaifu mmoja, nao ni wa kibetri. Ubao wa kompyuta una betri ndogo ya mviringo, CR2032, inayoshika saa na mipangilio. Mashine ikiwa imechomekwa na umeme upo, betri hiyo haifanyi kazi kubwa. Umeme usipokuwepo, au mwenye ofisi akichomoa waya kila jioni kwa kuogopa radi, betri ndiyo inayobeba mzigo, na mashine ya mtumba mara nyingi ilifika na betri iliyokwisha kuzeeka. Ikifa, saa inarudi miaka ya nyuma. Bayosi inasimama na kuomba ubonyeze F1, na baadhi ya mashine huamua kuanza upya ulinganisho wa RAM kwa kuwa mipangilio haieleweki. Kisha, hata mfumo ukiwaka, kivinjari kinakataa kufungua tovuti yoyote salama kwa sababu vyeti vyake vinaonekana havijaanza kutumika. Karani anasema mtandao ni mbovu, kumbe saa ya mashine iko mwaka 2009. Kwa thamani ya fedha, sijui ukarabati wowote wa kompyuta unaolipa kuliko kubadilisha kibetri hiki, na bado ni cha mwisho kukumbukwa.

Baada ya bayosi, mfumo endeshi unashika usukani, na hapa ndipo kazi ya kumbukumbu inapokuwa ya kihasibu zaidi. Kiini cha mfumo, kerneli, hugawa RAM katika kurasa za baiti 4,096 na kuweka rekodi kwa kila ukurasa: nani anautumia, uko huru au la, unahusiana na faili gani. Kwenye Linux rekodi moja kwa kawaida ni baiti 64. Kompyuta yenye GB 4 ina kurasa 1,048,576, na daftari lake lote ni MB 64. Hiyo ni kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini seva yenye terabaiti 1 ina kurasa 268,435,456, na daftari pekee ni GB 16 zinazotakiwa kuandikwa kabla mfumo haujaanza kufanya lolote. Zipo seva zenye terabaiti nyingi zaidi ya hiyo.

Hadi mwaka 2015 Linux iliandika daftari hilo kwa prosesa moja. Mashine ingeweza kuwa na prosesa mamia, lakini katika hatua hiyo zote zilikuwa hazijaamshwa. Moja iliandika, nyingine zikangoja. Kwenye mashine kubwa zilizotengenezwa na SGI na HP huo ulikuwa muda wa kwenda kunywa chai. Mtaalamu wa kerneli Mel Gorman ndiye aliyeingiza suluhisho lililokubaliwa katika Linux 4.2, iliyotoka Agosti 2015. Wakati wa kuwaka, kerneli huandika rekodi za sehemu ndogo tu ya kumbukumbu, inayotosha kuendesha hatua za mwanzo. Prosesa zote zikishaamka, kila eneo la kumbukumbu hupewa mfanyakazi wake wa kumalizia sehemu iliyobaki. Mwaka 2020, katika Linux 5.8, Daniel Jordan wa Oracle aligawa kazi hiyo zaidi, kila eneo likapata wafanyakazi wengi.

Wenye mikorosho wanaifahamu mbinu hii bila kusoma kerneli. Korosho huokotwa chini, kwa hiyo kabla hazijaanza kudondoka lazima chini ya mti pafyekwe na kufagiliwa. Mwenye shamba la ekari nyingi hangoji mpaka amalize miti yote ndipo aokote. Anaanza na ile iliyotangulia kuiva, na vibarua wakishafika wanagawana mistari iliyobaki. Idadi ya miti ni ileile. Kilichobadilika ni nani anasafisha, na mti upi unatangulia.

Ninalisisitiza hilo la idadi kwa sababu watu wengi husoma habari za mbinu hii wakadhani kazi imefutwa. Haikufutwa. Katika Linux ya 2015 daftari zima lilimalizika kuandikwa kabla programu za mtumiaji hazijaanza. Kilichoondolewa ni ubadhirifu wa kuacha prosesa mamia zikiwa zimelala.

Kazi ya tatu ni kujaza sifuri. Programu inapoomba ukurasa wa kumbukumbu, mfumo hauwezi kuipa ukurasa wenye mabaki ya programu nyingine. Humo huenda mna nenosiri au taarifa za mgonjwa. Kwa hiyo ukurasa hufutwa kwanza. Njia ya kizembe ingekuwa kuifuta RAM yote wakati wa kuwaka. Mifumo ya leo haifanyi hivyo. Programu inapoomba GB 1, mfumo huipa ahadi tu. Ukurasa halisi hutafutwa na kufutwa pale programu inapougusa kwa mara ya kwanza. Programu ikisoma tu bila kuandika, Linux huielekeza kwenye ukurasa mmoja wa sifuri unaotumiwa na wote kwa pamoja. Huko ni kuahirisha kwa maana kamili, kwa sababu kurasa nyingi zilizoahidiwa haziguswi kabisa mpaka mashine inazimwa.

Sasa hesabu ya mashine ya AMCOS. Tuchukue kompyuta ya mtumba yenye GB 4 za DDR3 ya kasi ya 1600 kwenye njia moja. Kinadharia njia hiyo hupitisha GB 12.8 kwa sekunde. Ukiamua kuifuta RAM yote kwa sifuri, ni kama theluthi moja ya sekunde; hata tukiikata kasi hiyo nusu, haifiki sekunde nzima. Daftari la kurasa ni sehemu ndogo ya hapo. Upande wa pili kuna diski ya kuzunguka, mizunguko 5,400 kwa dakika. Mzunguko mmoja ni milisekunde 11. Kichwa cha kusomea kikihama na kungoja sehemu yake ipite, kila usomaji wa kuruka hula kama milisekunde 16, yaani kusoma mara 60 hivi kwa sekunde. Windows inapowaka husoma maelfu ya vipande vilivyotawanyika. Kusoma mara 3,000 ni sekunde 50. Antivirusi na programu zinazojiwasha zenyewe bado hazijapewa zamu.

Kwa hiyo kwenye mashine hii kumbukumbu inashtakiwa bure. Ukiacha kibetri, anayetaka iwake haraka anunue SSD kabla ya jambo lingine lolote. SSD haizunguki, na husoma mara maelfu mengi kwa sekunde pale diski ya zamani inaposoma mara 60. Nakubali jibu hili halina msisimko, lakini ndilo hesabu inalolitoa. Kuongeza RAM, ambako ndiko wauzaji hukimbilia, hakupunguzi muda wa kuwaka hata kidogo. Kunasaidia baadaye, mtu anapofungua kurasa nyingi za kivinjari.

Arjan van de Ven na Auke Kok wa Intel walionyesha jambo la karibu na hili mwaka 2008, walipoifanya kompyuta ndogo ya Asus Eee PC iwake kwa Linux ndani ya sekunde 5. Siri yao ilikuwa bajeti: kerneli ilipewa sekunde moja, hatua nyingine kadhalika, na kila kilichozidi kikatafutiwa sababu. Fundi wa Masasi anaweza kufanya vivyo hivyo bila gharama. Kwenye Linux, amri ya systemd-analyze inaonyesha muda uliotumiwa na kerneli na uliotumiwa na programu, na katika mashine zenye bayosi ya kisasa, UEFI, huongeza muda wa bayosi yenyewe. Kwenye Windows, kidirisha cha programu zinazoanza ndani ya Task Manager huonyesha muda wa mwisho wa bayosi kwenye mashine za aina hiyohiyo. Bayosi ikila sekunde 20, tatizo liko kwenye ubao, kadi za RAM au vifaa vilivyochomekwa. Ikila 4 na mfumo ukala 90, tuachane na ubao.

Turudi kwenye mgawanyo wangu, maana hapa ndipo ushauri unaotolewa kwa watumiaji wa Ulaya unapogeuka kuwa wa kupotosha kwa mtu wa Newala. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Microsoft imeweka njia ya kuwaka haraka inayotegemea kukumbuka. Unapozima mashine, mfumo huwaondoa watumiaji lakini hali ya kerneli huandikwa kwenye diski. Siku inayofuata inasomwa ilivyo, kwa hiyo madaftari ya kumbukumbu na viendeshi vya vifaa haviandaliwi upya. Kwa diski ya kuzunguka hili lina faida kubwa, kwa kuwa faili moja kubwa husomwa kwa mfululizo, bila kichwa kurukaruka. Lakini hali hiyo huandikwa wakati wa kuzima. Umeme ukikatika ghafla hakuna aliyeiandika. Mashine inawaka kwa njia ndefu, na mara nyingine inaongeza ukaguzi wa diski juu yake. Yaani anayehitaji kasi zaidi, yule anayewashiwa na kuzimiwa na shirika la umeme, TANESCO, ndiye asiyeipata.

Hali ni hiyohiyo kwa usingizi mwepesi, ule ambao RAM huendelea kupewa umeme kidogo huku vingine vyote vimezimwa. Kuamka kwake ni sekunde chache kwa kuwa hakuna cha kuandaa. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS, ni kamari. Kwa laptopu yenye betri nzima, hakuna njia bora zaidi. Nimeona ofisi zikinunua kompyuta za mezani kwa sababu kioo ni kikubwa na bei ni ndogo. Hesabu hiyo ingekuwa sahihi Dodoma mjini, lakini inavunjika mahali ambapo betri ya laptopu ndiyo UPS, na ndiyo inayofanya mbinu zote za kukumbuka ziwe na maana.

Ipo pia kazi ya kumbukumbu inayoongezeka kwa sababu mashine haikuzimwa kwa adabu. Mwaka 2008 watafiti wa Princeton na wenzao walionyesha kwamba RAM haisahau papo hapo. Hushika yaliyomo kwa sekunde kadhaa katika joto la kawaida, na kwa muda mrefu zaidi ikipozwa sana, muda unaotosha mwizi kuwasha mashine upya kwa mfumo wake na kuchota funguo za usimbaji. Kinga iliyowekwa ni alama ndani ya bayosi. Mfumo wenye siri huiwasha alama hiyo unapoanza, na huizima unapofunga kwa utaratibu. Bayosi ikikuta alama bado imewaka, inajua mashine ilikatishwa njiani, hivyo hufuta RAM yote kabla ya kuendelea. Kwa GB 4 ni muda mdogo. Kwa kumbukumbu kubwa si mdogo, na umeme ukikatika mara tatu kwa asubuhi, adhabu hiyo hulipwa mara tatu. Hata hivyo mwenye taarifa za wagonjwa asije akaizima kinga hii ili aokoe sekunde.

Jambo hili linanipeleka kwenye neno ambalo mjadala huu hulibeba kwa wepesi kupita kiasi, "isiyo ya lazima". Ya lazima kwa nani? Seva nyingi zina RAM ya ECC, inayobeba biti za ziada za kugundua na kurekebisha makosa. Umeme unapoingia, biti hizo nazo ni takataka zisizolingana na data. Ukisoma sehemu ambayo hujaiandika, mashine itaona kosa ambalo halipo. Kwa hiyo kuijaza RAM nzima wakati wa kuwaka, jambo linaloonekana la kupoteza muda, kwa seva iliyotoka kukosa umeme ni wajibu. Mashine ikianzishwa upya bila kukatika umeme, wajibu huo haupo tena, na ndiyo sababu wenye seva hupenda kexec, njia iliyoingia Linux 2.6.13 mwaka 2005, ambayo kerneli moja huipisha nyingine bila kurudi kwa bayosi.

Upepo wa miaka ya karibuni, tena, unavuma kinyume cha kuondoa. Linux 5.3 ya mwaka 2019 ilileta chaguo lililoandikwa na Alexander Potapenko wa Google, la kufuta kila kipande cha kumbukumbu kinapogawiwa, hata ndani ya kerneli yenyewe, kwa sababu mabaki yaliyosahaulika yalikuwa yakivujisha siri mwaka baada ya mwaka. Gharama yake kwa kazi nyingi ni chini ya asilimia 1, ingawa vipimo vichache vya maabara vilifika 7. Ubuntu huja na chaguo hilo likiwa limewashwa. Naona waliamua vyema. Sifuri iliyoandikwa pale ukurasa unapotolewa imewekwa mahali pake. Sifuri ya kutiliwa shaka ni ile inayoandikwa asubuhi kwenye kurasa ambazo hakuna atakayezigusa, au ile inayoandikwa mara mbili.

Ya mara mbili ndiyo inayogusa seva, na kwa njia hiyo inawagusa hata wakulima wa korosho. Huduma nyingi za mtandao leo huendeshwa kwenye mashine pepe, kompyuta ndani ya kompyuta. Mashine mwenyeji tayari huipa ile ya ndani kurasa zilizofutwa. Ya ndani ikiwaka na kuanza kufuta tena RAM yake yote, inapoteza muda, na inafanya kosa kubwa zaidi: kila ukurasa inaougusa humlazimisha mwenyeji autoe kweli. Mashine iliyoahidiwa GB 16 na kuhitaji 2 inakalia zote 16. Firecracker, programu ya Amazon iliyotolewa mwaka 2018, huwasha mashine pepe ndogo mpaka ianze kuendesha programu ndani ya milisekunde 125, na sehemu ya siri ni kutogusa kisichoombwa. Wazo hilohilo limeingia kwenye mashine pepe zenye kumbukumbu iliyofungwa kwa usimbaji. Huko kila ukurasa lazima ukubaliwe rasmi kabla ya kutumika, na tangu Linux 6.5 ya mwaka 2023 kukubali huko kunaweza kufanyika kidogokidogo, kadiri mahitaji yanavyokuja. Mfumo wa mnada ukianguka saa ambayo wanunuzi wanapandisha bei, muda wa seva kusimama tena unahesabiwa na ukumbi mzima. Hapo ndipo kazi ya akina Gorman inapomfikia mtu wa Kitangari ambaye hajawahi kuisikia.

Kwa mashine ya ofisini, mpangilio wa fedha chache unatokana na hayo yote. CR2032 mpya kwanza. SSD ya pili. Tatu, UPS ndogo au laptopu yenye betri hai, maana bila hiyo njia ya haraka ya Windows ni mapambo. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, msimu ukiwa umeanza, na kompyuta nyingi za mtumba hazina sifa za kupokea Windows 11. Anayehamia Linux kwa sababu hiyo atapata na mbinu za kuahirisha nilizozieleza, ingawa kwa GB 4 hataona tofauti ya sekunde yoyote inayotokana nazo.

Ugumu mpya unakuja kwa njia ileile inayoleta mashine. Kompyuta za DDR5 zilizonunuliwa Ulaya kuanzia mwaka 2022 zitaanza kutupwa na maofisi ya huko, na zitapanda kuja Newala na betri zilizozeeka, kama zilivyopanda za DDR3. Mashine iliyopoteza mipangilio huenda ikarudia ulinganisho wa RAM, ambao kwenye DDR5 unaweza kuchukua dakika kadhaa, kioo kikiwa cheusi. Fundi asiyelijua hilo atabonyeza kitufe na kuizima katikati, akidhani imekufa, na itaanza tena tangu mwanzo.